Hita ya Gari Letu

Thamostati niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakinitazama, na nilipomaliza nikapigiwa makofi. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akadhani kuna fundi wa kulaumiwa katika habari hii.

Kwa asiyejua magari, thamostati ni kidude cha shaba chenye springi, unaweza kukifumbata kiganjani. Hukaa pale mpira wa juu wa redieta unapoingia kwenye injini. Injini ikiwa baridi, kidude hicho huziba njia ili maji yazunguke humo humo yapate moto. Yakishapata moto wa kutosha, hufungua njia maji yaende kwenye redieta yakapoe. Kazi yake ni hiyo tu, na huifanya miaka na miaka bila mtu kuikumbuka.

Gari letu lilikuwa limeanza kuchemsha kwenye foleni ya Kangundo Road. Ni gari kubwa la dizeli, foo-wili ya zamani inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mimi na mke wangu tulilinunua likiwa limeshazeeka mikononi mwa watu wengine wawili. Wakati ule tulikuwa tumehama kutoka nyumba ya kupanga kule mtaa wa Fedha, tukaja Njiru kwenye kiploti chetu wenyewe. Mvua ikinyesha, njia ya kufika kwetu iligeuka tope jeusi linalonata, na gari dogo lingezama mpaka milangoni. Kwa hiyo tulilihitaji. Lakini nisidanganye, nililipenda pia kwa urefu wake. Baada ya miaka mingi ya kwenda kazini kwa miguu, ni raha kumtazama mwenzio kutoka juu.

Nilikuwa fundi wa mitambo kiwandani, Industrial Area, kwa miaka ishirini na sita. Mashine za kufungia sabuni zilikuwa zikikataa, mimi naitwa, zinakubali. Ndiyo maana gari lilipochemsha sikwenda kwa mtu. Nilifungua boneti nje ya lango, na kama ilivyo desturi ya mtaa wetu, kila aliyepita akasimama na ushauri wake.

"Mzae, hiyo thermostat toa utupe," akasema jirani mwenye kuosha magari. "Hiyo wenye kuitengeneza waliweka juu ya baridi ya kwao. Huku kwetu jua inawaka, ni ya nini?"

"Mimi yangu nilitoa kitambo," akasema mwingine. "Na gari iko sawa tu."

Huo ndio ujuzi wa kwetu. Sijui gari zee mtaani petu ambalo bado linayo. Nikafungua mpira, nikakichomoa kile kidude, nikafunga, nikajaza maji, nikaliwasha. Sindano ya joto kwenye dashibodi ikainuka kidogo, ikalala, na haikuinuka tena. Hapo ndipo nilipopigiwa makofi. Mke wangu alitoka na birika la chai, akawagawia hao wote waliokuja kunishangilia. Yeye hakujua kilichofanyika, alijua tu kwamba mumewe amefaulu.

Hita ya gari ikaacha kufanya kazi siku hiyo hiyo. Upepo ulitoka, ila ulitoka baridi, kwa sababu hita huchukua joto lake kwenye maji ya injini, na maji ya injini yetu sasa yalikuwa vuguvugu kutwa. Gari lenyewe likawa zito na likaanza kunywa dizeli kwa pupa. Je, nilijua sababu? Nilijua nusu. Mtu aliyeishi na mitambo miaka yote ile hawezi kukosa kujua. Lakini nilikuwa nimeshapigiwa makofi, na Njiru jua lilikuwa likiwaka. Nani alihitaji hita?

Miaka minne baadaye figo za mke wangu zikaanza kushindwa.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa kuinama juu ya cherehani kutoka asubuhi mpaka jua linazama, huku akizungumza na redio kana kwamba inamsikia. Ghafla akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine hospitalini mara mbili kwa wiki. Mimi nilikuwa nimestaafu, nikawa dereva wake. Anayemjua mgonjwa wa mashine ile anajua kwamba hutoka akitetemeka. Alikuwa akija kwenye gari amejifunga leso mbili juu ya sweta, na juu ya vyote koti langu la kiwandani, na bado meno yake yalikuwa yakigongana.

"Washa hita, baba," aliniambia mara ya kwanza.

"Hita ilikufa, mama. Hili gari ni zee."

"Sawa."

Nilimjibu hivyo mara tatu, siku tatu tofauti. Baada ya hapo hakuomba tena. Nimeyarudia maneno hayo kichwani zaidi ya maneno yoyote niliyowahi kumwambia, hata yale ya mbele ya kasisi siku ya harusi.

Jumapili moja mwezi wa tatu tulitoka kanisani, tukakaa ndani ya gari tukisubiri watu wapungue langoni. Akaniambia bila kunitazama, "Nipeleke kwa mama. Twende na gari letu, nikiwa nimekaa. Nikichelewa nitapelekwa nimelala."

Mama yake anaishi Kinangop, huko juu ambako asubuhi nyingine unakuta majani ya ng'ombe yamekuwa meupe kwa umande ulioganda. Magoti yake yalikuwa yamekataa safari, alikuwa hajashuka Nairobi muda mrefu, na mke wangu hakuwa amemwona tangu ugonjwa uanze. Watoto wetu wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine Qatar, wote walituambia tukodi teksi nzuri wao watalipa. Mke wangu alikataa. Tulipolinunua gari, safari yake ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwa mama yake, na bibi yule aliweka mkono juu ya boneti akaliombea kwa muda mrefu mpaka kuku wakatuzoea. Mke wangu alitaka kurudi na gari lile lile. Nami, kwa sababu zangu ambazo hazikuwa za maombi, sikutaka kusikia habari ya teksi.

Tulijaribu mwezi wa nne. Mpaka Limuru tulikwenda. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda kweli, na gari likaanza kutoa moshi mweusi na kulegea. Nikashuka gia ya tatu, nikashuka ya pili. Lori la kabichi likatupita, kisha trekta. Nilipoingiza gia ya kwanza, mke wangu alikuwa ameshika tumbo, anataka kutapika. Nikaegesha kando. Tukakaa pale kwenye ukungu muda wa nusu saa, kisha nikageuza. Aligeuzia uso dirishani, akalia kimya kimya mpaka tulipofika Kangemi. Nilitamani anitukane.

Usiku ule niliapa kwamba gari litapanda mlima ule. Sikuwa na fedha za kununua gari jingine wala za kubadilisha injini, kwa sababu kila kilichoingia kilikwenda hospitali. Nilichokuwa nacho ni spana zangu, siku za wiki ambazo hatuendi kliniki, na kichwa kigumu.

Nilianza na filta ya hewa, maana gari haliwezi kukimbia likiwa limebanwa pua. Niliipiga ukutani mara moja, vumbi la Njiru likanifunika mpaka kope. Nikaweka mpya, nikaweka na ya dizeli. Siku nyingine nililala chini ya gari nikisikiliza injini, nikagundua mpira wa tabo, ile pampu ya kusukumia injini hewa, umepasuka upande usioonekana, hewa inavuja kwa mluzi mwembamba. Nilikwenda Kirinyaga Road, nikapekua maduka ya vipuri vilivyotumika mpaka nikapata mpira wa kufaa. Nikang'oa keria ya juu ya paa, ambayo haikuwa imebeba kitu tangu tuhame. Nikang'oa na vile vyuma vya mbele vya kutishia watu. Nikatoa viti vya nyuma kabisa. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa inashika hata usipoikanyaga, yaani tulikuwa tukisafiri miaka yote na mtu ametushika shati. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaipaka grisi. Magurudumu nikayajaza upepo wa kutosha. Hakuna hata kimoja katika hivyo chenye miujiza, lakini kila kimoja kilirudisha nguvu kidogo.

Kila Jumamosi tulikwenda kulijaribu kwenye kile kilima cha kutoka mtoni, upande wa machimbo ya mawe. Mke wangu alikaa mbele, ndiye aliyekuwa hakimu. Mara ya kwanza lilipanda kwa gia ya pili likinung'unika. Wiki mbili baadaye likapanda kwa ya tatu.

"Ya tatu!" akapiga makofi. "Baba, limepanda na ya tatu!"

Tulicheka siku ile, tukanunua mahindi ya kuchoma tukala ndani ya gari. Alikula punje chache tu, kwa sababu ya masharti ya daktari, nyingine akanitia mimi mdomoni nikiendesha. Ninazo siku nyingi njema za ndoa yetu, lakini ninayoitamani irudi ni hiyo.

Zilibaki nozo, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini. Hizo zinahitaji vifaa ambavyo sina, nikalazimika kumwita fundi. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mzaliwa wa Pumwani, kizazi cha watu wa pwani waliolowea Nairobi tangu babu zake. Gereji yake ilikuwa mabati manne kando ya Kangundo Road. Alikuja kwangu na vifaa vyake ndani ya kikapu cha ukili, akafanya kazi tangu asubuhi, akitoka mara moja tu kwenda kuswali. Kazi yake ilikuwa safi, nami si mtu wa kusifu kazi za watu.

Alipomaliza aliliwasha, akaliacha lingurume kwa muda mrefu, kisha akachungulia dashibodi.

"Bwana mkubwa, sindano hii mbona imelala? Umeing'oa thamostati?"

Nikamwambia niliitoa, kwa sababu gari lilikuwa linachemsha.

"Lilikuwa linachemsha kwa sababu redieta imeziba tope. Njoo uone." Akaingiza kidole kwenye redieta, kikatoka cheusi. "Injini yako inafanya kazi na baridi, ndiyo maana nguvu hazijatimia. Safisha redieta, rudisha thamostati. Utapata nguvu, dizeli itapungua, na hita itarudi. Kitu chenyewe ni bei ya kuku mmoja."

Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni na leso yake begani. Nilimwona akiinua kichwa aliposikia neno hita.

Ningeweza kusema "kumbe". Neno moja tu. Lakini nilihisi macho yake mgongoni, nikakumbuka zile mara tatu nilizomwambia kwamba hita imekufa, nikaona kwamba nikikubali sasa nitakuwa nimekiri kuwa ni mimi niliyeiua. Nikapandwa na hasira. Hasira zangu huja haraka ninapokuwa na makosa.

"Nilikuwa naendesha mitambo ya kiwanda kizima kabla wewe hujashika spana," nikamwambia. "Nimekuita kwa nozo. Nozo umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi."

Akacheka, akaanza kupanga vifaa vyake. "Haya, bwana. Wahenga walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Na mwaka huu Idi imeshapita."

Nikamwonyesha lango. Nilimlipa, lakini nilimfukuza hivyo hivyo, mtu aliyekunywa chai nyumbani kwangu. Mke wangu alisimama akamwambia, "Shemeji, tusamehe," akamsindikiza mpaka barabarani kwa hatua zake za pole pole. Walichukua muda kule. Nilidhani anamwomba radhi kwa niaba yangu, kazi aliyokuwa ameizoea.

Jioni aliniuliza, "Fundi alisema nini kuhusu hita?"

"Upuzi tu."

"Sawa, baba."

Tulisafiri mwezi wa saba, siku moja baada ya kusafishwa damu, tukiwa na siku mbili za kukaa kabla ya kurudi hospitalini. Mwezi wa saba ni mwezi wa baridi hata kwetu Njiru, sembuse Kinangop. Alivaa vyote alivyokuwa navyo. Tulipopita Limuru ukungu ukatuzunguka, kioo kikafanya mvuke kwa ndani, nikawa nakipangusa kwa kitambaa huku naendesha.

Mlima ukaja. Nikakanyaga mafuta, gari likakaza. Gia ya nne, nikangoja lilegee, halikulegea. Nikashuka ya tatu kwenye kona moja tu, kisha nikarudi ya nne. Tulilipita lori la mbao, nikapiga honi bila sababu yoyote. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikamwonyesha pale tulipoegesha mwezi wa nne, nikamweleza habari za mpira wa tabo na nozo, mambo aliyokwisha kuyasikia mara kumi. Alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliiona, nakiri niliiona. Nikajiambia tunakaribia kufika.

Mahali fulani kabla ya kukata kona ya kwenda Njabini alifungua kile kidroo cha mbele yake, akaingiza mkono, akautuliza humo. Akanitazama.

"Unatafuta nini?"

"Peremende," akasema, akakifunga.

Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia. Ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. "Gari limepata nguvu, baba," akasema. "Umelifanyia kazi."

Hakuna sifa niliyopewa maishani iliyonifurahisha kama ile.

Mama mkwe alitoka nje akijikongoja kwa fimbo. Alimshika bintiye mikono yote miwili, na badala ya kumsalimu akapiga kelele kwa lugha yetu ya nyumbani, "Mbona mikono iko hivi? Mmekuja kwa miguu?" Akaichukua mikono ile akaitia kwapani mwake, juu ya sweta, wakasimama hivyo uani, mama na mtoto, mpaka nikaona haya kutazama. Halafu akamwingiza jikoni kwenye moto wa kuni. Hawakutoka humo siku mbili, labda kulala tu. Nilipochungulia niliwakuta wameketi bega kwa bega, mikono ya mmoja kwenye mapaja ya mwingine. Mimi nilikuwa nje nimefungua boneti nikiwaonyesha mashemeji zangu mpira wa tabo.

Alifariki mwezi wa nane, wiki ya tatu baada ya safari, hospitalini, alfajiri nilipokwenda kumtafutia chai. Tulimzika kwetu Murang'a. Mama yake aliletwa na wanawe, akatupa udongo wake akiwa ameketi kwenye kiti.

Tuliporudi Njiru watu waliendelea kuja kunipa pole. Siku moja yule fundi alikuja na wazee wawili wa msikitini kwake. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wakaomba dua, wakanywa chai. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki. Nikadhani anataka nimwombe radhi, na kwa kweli nilikuwa najiandaa.

"Ile thamostati," akasema, "uliwahi kuitia?"

"Thamostati gani?"

Akakitazama kikombe chake. "Kumbe hakukupa."

Akanieleza. Siku ile alipomsindikiza mpaka barabarani, mke wangu alimuuliza kwa makini: hicho kitu ndicho kinachorudisha hita? Akamwambia ndicho. Akamwomba amnunulie kinachofaa gari letu, akampa fedha zake mwenyewe za ushonaji. Fundi alikwenda Kirinyaga Road, akakileta kesho yake nikiwa sipo.

"Nilimwambia, shemeji, hii ni kazi ya saa moja, wacha niitie sasa hivi. Akakataa. Akasema, 'Hilo ni gari lake, nitampa mwenyewe siku akiwa na moyo mweupe. Sasa hivi ana furaha nalo, tusimharibie.' Akaniapisha nisiseme."

"Aliiweka wapi?"

"Hakuniambia."

Lakini mimi nilikwisha kujua. Nilitoka nikaenda kwenye gari, nikafungua kile kidroo. Kilikuwa nyuma, chini ya kadi za kliniki na karatasi za bima, kimefungwa kwa leso yake ndogo ya mkononi. Kiboksi cha karatasi ngumu. Ndani yake kile kidude cha shaba, kipya, kinang'aa, pamoja na raba yake ya kuzuia maji. Peremende haikuwemo.

Kilikuwa pale njia nzima ya kupanda mlima. Alikuwa nacho chini ya vidole vyake, akanitazama, akaona jinsi ninavyocheka, akakirudisha. Angekitoa tukiwa Njiru, ningepiga kelele na pengine safari ingevunjika, na hilo yeye alilijua kuliko mimi. Alichagua kumwona mama yake akiwa na baridi kuliko kukosa kumwona. Na aliyemfikisha kwenye kuchagua hivyo ni mimi, mumewe, fundi.

Nililia pale kwenye kiti cha dereva mbele ya mtu niliyekuwa nimemfukuza. Hakusema majuto ni mjukuu wala methali nyingine yoyote, na namshukuru kwa hilo. Alisimama nje ya mlango, mkono juu ya paa, mpaka nikanyamaza.

Thamostati tuliitia pamoja Jumamosi iliyofuata. Redieta tuliisafisha kwa maji ya mpira, likatoka tope jeusi la miaka yote, mbawa za wadudu, na majani. Mwenye kuosha magari alikuja akauliza, "Mzae, unarudisha hiyo ya nini?" Nikamwambia na yeye akatafute ya gari lake, aniletee nimtilie. Alicheka, akadhani natania. Fundi aliliwasha gari. Sindano ikapanda pole pole mpaka katikati, ikasimama hapo imara. Nikageuza kitufe cha hita. Kwanza ilitoka harufu ya vumbi lililokaa, kisha hewa ya moto ikanipiga vifundo vya mikono. Ilichukua dakika chache tu. Na gari, naam, likapata nguvu kuliko zile zote nilizozihangaikia, likapanda kilima cha kutoka mtoni kwa gia ya nne. Hakukuwa na wa kupiga makofi.

Mwezi wa kumi na moja mama mkwe alisema anataka kuona nyumba aliyoishi mtoto wake, na cherehani yake. Nikaenda kumchukua. Kwa heshima zetu mama mkwe haketi kando ya mkwe wake, huketi nyuma, lakini magoti yake hayakuweza kujikunja kule, kwa hiyo nikamweka mbele. Nilimfunga mkanda nikiwa nimegeuza uso. Kulikuwa na mvua na ukungu, na mara tu injini iliposhika moto niliwasha hita bila kuulizwa.

Tulikuwa tunateremka kuelekea Limuru alipotoa mikono yake ndani ya shuka.

"Kuna joto humu," akasema. "Kama jikoni kwangu."

"Ndiyo, mama."

Kisha akaniuliza, "Na siku ile mlipokuja naye, lilikuwa na joto hivi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu mwezi wa nane, na nilikuwa nimejiapiza kwamba yeyote atakayeniuliza nitamwambia ukweli wote, mwanzo mpaka mwisho. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ameshikilia mikono yake hewani mbele ya hita, viganja wazi, akiningoja.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Lilikuwa hivi hivi."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Basi ile baridi ya mikono ilikuwa ya ugonjwa. Siku zote hizi nimekuwa nikifikiri mtoto wangu aliteseka njiani kwa ajili yangu."

Akaisogeza mikono karibu zaidi, akafumba macho, akalala. Niliendesha taratibu, nikapita mjini, nikaingia Kangundo Road. Njiru tulikuta jua linawaka na jasho likinitiririka mgongoni, lakini hita sikuizima mpaka tulipofika nyumbani.